Jibu kwa mpwa wangu wa Ujiji, kuhusu Wacree wanaolipwa na Msenegali aliyejenga ghorofa

Mpwa wangu,

Ujumbe wako wa sauti wa dakika nane niliusikiliza nikiwa nimesimama kwenye kituo cha mafuta cha kilomita ya 381, katika barabara inayotoka Matagami kwenda kaskazini mwa jimbo la Quebec, hapa Kanada, na baridi siku hiyo ilikuwa nyuzi 38 chini ya sifuri. Umesema mambo matatu. La kwanza, kwamba watu wa Kibirizi wamekuambia kuwa wenyeji wa asili wa Kanada, hao Wacree ninaowapelekea mizigo, hulipwa na serikali kwa kukaa tu. La pili, kwamba umeona picha ya ghorofa ambayo Msenegali ninayepokezana naye usukani amejenga kwao Louga. La tatu hukulitamka, lakini nimelielewa: mimi niliyezungukwa na wenye bahati kulia na kushoto nina kasoro gani, hata ukuta wa nyumba ya bibi yako haujafika kwenye lenta? Nilikasirika hadi nikasahau kuvaa glavu, nikashika bomba la dizeli kwa mkono mtupu. Ngozi ya kidole gumba ilibaki kwenye chuma.

Nakujibu kwa maandishi kwa sababu kwa sauti ningekutukana, na wewe ni mtoto wa dada yangu.

Tuanze na ghorofa. Ni kweli ipo, na mimi nimeiona mara nyingi kuliko wewe, kwa kuwa mwenyewe huitazama kwenye simu kila tunapopumzika, kama mtu anayemwangalia mtoto aliyelala. Ina vyumba tisa, vigae vya bluu mlangoni, na juu kabisa nondo zimechomoza zikisubiri ghorofa ya pili. Wanaoishi humo ni mama yake, mke wake, wake wa kaka zake wawili walioko Italia, na watoto. Yeye mwenyewe, katika miaka kumi na minne, amelala ndani ya nyumba hiyo usiku 22. Amezihesabu, nami sikumwuliza. Montreal anakaa chumba cha chini ya ardhi pamoja na wenzake wawili wanaofanya kazi za zamu, na kitanda hakipoi, kwa maana mmoja akiamka mwingine anajilaza.

Mwezi ukiisha hela yake ina wenyewe kabla haijaingia benki. Kuna ya mama, kuna ya mke, kuna ya upatu anaocheza na wenzake, na kuna mchango wa chama cha wafuasi wa tarika ya Murid, ile aliyoianzisha Sheikh Ahmadou Bamba, mwanzilishi wa mji mtakatifu wa Touba mwaka 1887. Kasida za sheikh huyo ndizo tunazozisikiliza kwenye lori usiku kucha, na nakiri zinanitoa machozi ingawa matamshi yao si kama yetu. Kisha ikikaribia Idi ya kuchinja, ambayo wao huiita Tabaski, simu haikai kimya. Kwao nyumba isiyo na kondoo dume siku hiyo ni nyumba iliyovuliwa nguo hadharani, na bei ya kondoo hupanda kila mwaka. Mwaka jana alituma hela za kondoo watatu kwa nyumba tatu akiwa amesimama kwenye foleni ya malipo ya kituo hicho hicho cha 381, mkononi ameshika mkate na kopo la dagaa wa mafuta, chakula chake cha siku nzima.

Sitaki ufikiri kwamba namdharau. Fedha zinazotumwa na Wasenegali walio nje ni takriban sehemu moja ya kumi ya pato la taifa lao, na kando ya Mto Senegali viko vijiji ambavyo zahanati, visima na misikiti vimejengwa na vyama vya wanakijiji walioko Ufaransa, bila kumsubiri waziri. Ni watu wenye umoja kuliko sisi. Sisi watu wa Kigoma wa hapa Kanada tumeshindwa hata kuchangiana nauli ya kusafirisha maiti bila kugombana. Lakini ukiitazama ile picha, mpwa wangu, usihesabu vyumba peke yake. Hesabu wanaume walio humo. Hakuna hata mmoja aliyezidi umri wa miaka kumi na minane na kupungua sitini.

Sasa tuje kwa hao wanaolipwa kwa kukaa.

Ghuba ya James ina pande mbili, na Wacree wako pande zote mbili. Upande wa mashariki, ninakopeleka mizigo, ardhi yao wanaiita Eeyou Istchee. Mwaka 1971 waziri mkuu wa Quebec, Robert Bourassa, alitangaza kwamba mito yao itazuiwa ili kuzalisha umeme, na hakuna aliyekuwa amewauliza. Walikwenda mahakamani, mwaka 1973 jaji akaamuru kazi isimame, na baada ya wiki moja tu mahakama ya rufaa ikaisimamisha amri hiyo. Hata hivyo kelele zao ziliwalazimisha wakubwa kuketi mezani, na mwaka 1975 ukatiwa saini mkataba ambao ndio uliozaa bodi yao ya shule, bodi yao ya afya, fidia, na huo mpango wa malipo uliousikia Kibirizi. Mpango huo si wa kukaa. Ni wa wawindaji na watega mitego, na ili mtu alipwe ni lazima atumie angalau siku 120 kwa mwaka akiwinda, akitega na kuvua, nyingi kati ya hizo akiwa porini. Hebu jaribu siku tatu katika hema huku mto umeganda, kisha unieleze nani amekaa.

Hata hivyo hapo umenigusa mahali penyewe, na sitajifanya sikuumia. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa miezi mitatu ili samaki wazaliane, wewe na wenzako mlivuta mitumbwi nchi kavu, na sikusikia mkilipwa hata shilingi. Mimi ndiye niliyelipa. Kwa hiyo nilipomwona kwa mara ya kwanza mzee wa Kicree anayelipwa ili aendelee kuwa kile alichokuwa baba yake, nilimwonea wivu mbaya. Wala hakupewa kwa huruma ya mtu, walipigania. Katika mwaka 2002 walisaini mkataba mwingine na Quebec, wa miaka 50, unaowapa mgawo wa mapato ya utajiri unaochimbwa na kukatwa katika ardhi yao. Wana shirika lao la ndege. Ukija Chisasibi, mji wao mmoja wa upande huu, utaona magari mapya na uwanja wa magongo wa barafu wenye paa, na utasema mjomba amenidanganya.

Basi ingia ndani ya nyumba. Nimeingia mara kadhaa, kwa sababu Wacree hawamwachi dereva kwenye baridi bila chai. Utakuta vyumba vitatu na vizazi vitatu, kijana ana mke na watoto wawili na wote wanalala sebuleni, na jina lake liko kwenye orodha ya kusubiri nyumba. Louga kuna vyumba visivyo na wenyewe, Chisasibi kuna wenyewe wasio na vyumba. Ukiniuliza kipi ni umaskini zaidi sitaweza kukujibu, maana hutegemea nimeongea na mama lini.

Mji huo wenyewe si wa zamani. Hapo awali waliishi katika kisiwa cha Fort George, mdomoni mwa mto, hadi maji ya mabwawa yalipotishia kukimega, ndipo wakahamishwa kati ya 1980 na 1981, baadhi ya nyumba zikikokotwa nzima kuvushwa bara. Kila kiangazi hurudi kisiwani kukusanyika. Na samaki, wewe mvuvi sikiliza hili: mabwawa yalipofunika misitu, zebaki iliyokuwa kwenye udongo iliingia majini na kupanda hadi kwa samaki wakubwa, na watu waliokula samaki tangu enzi wakaambiwa wapunguze au waache. Wakahamia chakula cha dukani. Leo kisukari kimeingia karibu katika kila familia ninayoifahamu huko. Chakula hicho cha dukani hufika kwa barabara, nyuma ya lori. Majira ya baridi jokofu la tela letu hugeuzwa kuwa la kupasha joto ili viazi visigande, lakini viazi ni robo ya mzigo. Sehemu kubwa ni soda na vitu vya kukaanga vya mifuko. Mimi ndiye ninayevipeleka. Lenta ya bibi yako inatokana na soda hizo.

Na hao ndio Wacree waliofanikiwa. Vuka ghuba uende upande wa magharibi, Attawapiskat, katika jimbo la Ontario. Huko wanahesabiwa chini ya Mkataba Namba 9, ulioanza kusainiwa mwaka 1905, na malipo ambayo mkataba huo unampa kila mtu hadi leo ni dola nne. Si kwa siku wala kwa mwezi. Dola nne kwa mwaka, haitoshi hata kikombe cha kahawa mjini. Kilomita 90 hivi kutoka kijijini hapo kampuni ilichimba almasi kuanzia 2008 hadi 2019, na katikati ya miaka hiyo, mwaka 2011, kijiji kilitangaza hali ya dharura kwa sababu watu walikuwa wakilala kwenye mahema na vibanda wakati wa baridi. Mwaka 2016 kilitangaza tena, safari hiyo kwa sababu vijana walikuwa wakijaribu kujiua. Lugha za ndugu na bata bukini wale wale wanaowinda kila masika, ila hawa walisaini wakati hawana wakili. Maeneo yao huitwa hifadhi, neno ambalo sisi tumelizoea kwa sokwe wa Gombe, na kila ninapolitamka mbele yao naona haya.

Rafiki yangu wa Louga ana majivuno kidogo, na siku moja tukishusha mzigo alimweleza mzee mmoja wa Chisasibi kwamba Blaise Diagne, Mwafrika mzaliwa wa Gorée, aliingia katika bunge la Paris mwaka 1914, na kwamba Senegali imejitawala tangu 1960. Mzee akasema huo mwaka 1960 ndio yeye na wenzake waliporuhusiwa kupiga kura ya Kanada bila kwanza kufutwa katika orodha ya wenyeji. Akakaa kimya, akapangusa kamasi iliyoganda kwenye masharubu. Kisha akauliza, bila ubaya wowote, mtu aliyejitawala miaka yote hiyo anatafuta nini kwenye theluji yangu. Hatukumjibu. Tulirudi kwenye lori, na rafiki yangu hakuweka kasida kwa muda mrefu.

Kwa hiyo usije. Nakuambia kwa mapenzi na kwa ukali: usije, na hasa usije kwa njia ya mitumbwi na majangwa unayotumiwa video zake. Wasenegali wana msemo wao, Barsa wala Barsakh, yaani Barcelona au barzakhi, huko waliko wafu, na mwaka 2006 zaidi ya watu 30,000 walifika Visiwa vya Canary kwa mitumbwi, wengi miongoni mwao wakitokea pwani yao. Binamu wa rafiki yangu aliondoka Mbour, naye hakufika Barcelona. Wengi wa wanaopanda mitumbwi hiyo ni wavuvi kama wewe, ambao meli kubwa za kigeni zimewamalizia samaki. Mtumbwi wako usiuuze.

Lakini pia sitaki uniseme baadaye kwamba mjomba alipanda akavuta ngazi. Ukija, njoo na karatasi. Mimi niliendesha lori Dar es Salaam hadi Lubumbashi miaka kumi na miwili, na hapa wakaniambia uzoefu huo hauhesabiki. Nikabeba maboksi ghalani miaka mitatu, nikiamrishwa na mtoto wa umri wako, kabla ya kupata leseni upya. Kifaransa nilichookota Lubumbashi ndicho kilichoniokoa, basi na wewe anza kujifunza, Wakongo wa Kigoma watakufundisha bila malipo ukiwabebea maji. Ukiulizwa mshahara wako, nusu ndiyo utaje. Usimwambie mtu wa nyumbani siku ya malipo. Mama yako mwambie, ila yeye tu. Na usiahidi lenta kabla ya kulipia matofali, hapo ndipo mimi nilipokosea.

Ijumaa natuma dola 150, na hizo ni za lenta. Nimesema ni za lenta, si za pasipoti. Hata hivyo kama fundi atakuwa bado Uvinza, toa humo hela ya pasipoti, na lenta itasubiri mwezi ujao, ila bibi yako asijue kwamba mimi ndiye niliyeruhusu. Rafiki yangu ameamka na anavaa viatu, maana zamu ni yangu kulala. Kidole gumba usimtajie bibi. Mwambie baridi imepungua.