St Kilda: hawakufukuzwa, waliomba wenyewe

Uliyeuliza kama watu wa St Kilda, visiwa vidogo kule Uskoti, walifukuzwa kwao, hapana ndugu, waliandika barua wenyewe mwezi wa 5 mwaka 1930 kuomba serikali iwahamishe, na tarehe 29 Agosti meli ikawachukua watu 36 waliobaki. Vijana walikuwa wameshaondoka, mikono ya kulima na kuwinda ikawa haitoshi, na huko nyuma pepopunda iliua watoto wachanga wengi sana, inauma kwa kweli.

Ila kitu ambacho watu hawakizungumzii vya kutosha ni vile vibanda vya mawe, vinaitwa cleit, viko zaidi ya 1,200, vimejengwa bila saruji, paa ni majani na udongo juu ya mawe, upepo unapita kwenye nyufa za kuta na kukausha nyama ya ndege wa baharini waliowakamata kwa kamba kwenye magenge. Hiyo ndo ilikuwa friji yao, akili kubwa sana ile!

Vibanda vingi bado vimesimama, na kondoo wa Soay (aina ya kondoo wa huko huko) wanajikinga mvua humo. UNESCO wanavitambua visiwa hivyo kwa mazingira na utamaduni pia.