Ukifika Da Nang, Vietnam, vijiji vitano kwa siku moja usikubali

Juzi usiku msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, nina siku tatu Da Nang mwezi wa tatu. Wakala kanipangia vijiji vitano vya mafundi kwa siku moja, na chakula cha mchana humo humo. Nikubali?" Nilicheka peke yangu kitandani, halafu kicheko kikakata. Ratiba ni ile ile niliyouziwa mimi, mpaka mpangilio wa vituo.

Mimi Vietnam nilipelekwa na korosho. Walio kwenye biashara hii wanajua, korosho ghafi zetu za Mtwara nyingi huenda kubanguliwa kule. Kazi ikaisha Ho Chi Minh siku nne kabla ya tarehe ya tiketi yangu, nikapanda ndege hadi Da Nang. Ufukwe wa My Khe ni mzuri, ila mtu aliyekulia karibu na Msimbati humshtui kwa mchanga mweupe. Siku ya pili nikalipia ziara ya vijiji.

Kituo cha kwanza kilikuwa Non Nuoc, chini ya vilima vitano vya marumaru vilivyopewa majina ya chuma, mti, maji, moto na udongo. Nilitegemea kijiji. Nikakuta barabara ya maduka pande zote, Mabudha na simba wa mawe wakubwa kuliko Noah, na uani mashine za kukatia zinapiga kelele, vijana wamekuwa weupe kwa vumbi. Dakika arobaini tulizopewa ziliishia dukani. Muuzaji akaniapia kwamba simba mmoja mweupe jiwe lake limetoka "mlima huu huu". Nikanunua. Kilo sita! Nikampakata garini kama mtoto mchanga.

Jioni kijana wa mapokezi hotelini alimtazama simba, akaniambia kwa upole kwamba vilima vile ni marufuku kuchimbwa siku nyingi. Mawe huja kwa malori kutoka mikoa mingine, mengine nje ya nchi kabisa. Fundi wa Non Nuoc ni fundi kweli, hilo silipingi, ila mimi niliuziwa mlima. Na iliyoniuma si hela. Nimesoma Dar, nimepita Mwenge kwa wachonga vinyago mara ngapi nikiwacheka Wazungu wanaouziwa mti wa kawaida uliopakwa kiwi kwa jina la mpingo? Leo nimekuwa Mzungu.

Vituo vinne vilivyofuata nakumbuka kupanda na kushuka gari, basi.

Kesho yake nikakataa kila kitu. Nikaenda Hoi An, kama kilomita 30 kusini, nikakodi baiskeli hadi Thanh Ha, kijiji cha wafinyanzi kando ya mto Thu Bon. Hapo ndipo nilipoona kazi. Wanawake wawili kwenye gurudumu moja lililo chini kabisa: mmoja kasimama kwa mguu mmoja, mguu wake wa pili anasukumia gurudumu huku mikono yake ikikanda udongo, mwenzake kachuchumaa, anafinyanga. Hawasemi. Aliyekaa akibana mdomo wa chungu, aliyesimama anapunguza mwendo mwenyewe. Nikaomba kujaribu. Changu kikalala ubavu kama mlevi. Bibi akacheka, akachovya kitambaa kwenye maji, akakishika kidole gumba changu na kukiingiza ndani ya udongo, akakibana pale mpaka nilipoacha kulazimisha. Bibi yangu mzaa mama hakuwa na gurudumu. Yeye ndiye aliyekizunguka chungu, kainama, mtoto mgongoni. Nilikaa pale saa tatu nzima, na wakati wa kuondoka nikapewa filimbi ya udongo yenye umbo la mnyama ambaye mpaka leo tunabishana nyumbani kama ni nyati au nguruwe.

Kwa hiyo, mdogo wangu, chagua kijiji kimoja. Unapenda bustani? Nenda Tra Que, karibu na Hoi An, wanakorutubisha matuta kwa magugu ya majini. Unapenda jikoni? Tuy Loan, upande wa Da Nang, uone karatasi za mchele, zile za kuliwa, zinavyopikwa kwa mvuke juu ya kitambaa kilichowambwa kwenye sufuria. Kabla ya Tet, mwaka mpya wao, hapo hawalali. Maseremala utawakuta Kim Bong, ng'ambo ya mto ukitokea Hoi An. Kimoja tu. Nenda asubuhi. Machi ni salama. Oktoba na Novemba Hoi An hufurika. Na nunua kwa mkono uliofinyanga, hata kama kimepinda.

Tena niseme, maana picha zenu naziona. Mtu anavuka bahari, anasimama mbele ya bibi wa watu anayefanya kazi, anapiga picha kumi, hata salamu hatoi, anarudi kutuandikia "nimejifunza mengi". Umejifunza nini kwa dakika arobaini? Kaa chini. Chafuka. Kijiji kimoja, nimesema.

Nimemjibu yote hayo, kwa urefu huu huu. Asubuhi kajibu kwamba ameshalipa nusu na hairudishwi. Nimemwambia mzigo wake auache mwepesi, na kama ni simba wa marumaru ninaye mmoja hapa anazuia mlango, nitampunguzia bei.