Mavyaa anampikia mwanangu biskuti ngumu za kuotea meno

Mpendwa Mama wa Tanga,

Umeniandikia kwamba mwanao wa miezi 7 anaota meno, hulia usiku na kutokwa na udenda hadi kidevu kimebabuka, na kwamba mavyaa wako amempikia biskuti ngumu za unga wa ngano na asali, kama alizompa mumeo utotoni. Unahofia mtoto asije akapaliwa, mumeo amenyamaza, nawe hujui utakataaje bila kumvunjia mama heshima.

Asali ikatae. Mtoto ambaye hajatimiza miezi 12 hapewi asali hata kidogo, kwa sababu inaweza kubeba mbegu za bakteria ambazo tumbo lake changa haliwezi kuzishinda, zikazalisha sumu inayolegeza misuli hadi ile ya kupumulia, na joto la kuokea nyumbani halitegemewi kuziua.

Biskuti zenyewe sizikatai, maadamu mtoto ameanza vyakula vya nyongeza, anakaa wima bila kuegemezwa, na amekwisha kula ngano bila kutoka vipele. Pondeni ndizi mbivu, mkande na unga na mafuta kidogo, pasipo chumvi wala sukari, mpaka donge liwe gumu. Likateni vipande vinene vya urefu wa kidole cha mtu mzima, ili ngumi ya mtoto ishike upande mmoja na ncha ibaki nje, kisha muoke kwa moto mdogo, hata kwa mkaa wa juu na chini, hadi vikauke ndani. Chovya kimoja majini na ukibonyeze: kikilainika taratibu kama uji mzito, kinafaa, kikimeguka mabonge magumu, mtoto asipewe. Hata kinachofaa, kikishafupika kiasi cha kuingia chote kinywani, mnyang'anye.

Kaa mbele yake muda wote, wala usimpe akiwa amelala au mgongoni. Akikohoa kwa sauti, mwache akohoe. Akishindwa kulia wala kupumua, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kiwiliwili, umpige kati ya mabega kwa kitako cha kiganja hadi mara 5. Kilichomkwama kisipotoka, mgeuze chali umkandamize katikati ya kifua kwa kitako cha kiganja kimoja hadi mara 5, ukirudia hayo huku mwenzako akiita msaada.

Usiku biskuti haina kazi. Msugue ufizi kwa kidole kilichooshwa, au umpe kitambaa safi kilicholoweshwa na kupozwa akitafune ukiwa umemshika. Homa ya nyuzi 38 au zaidi, au kuharisha, usiyasingizie meno. Mpeleke kituo cha afya, na asikushawishi mtu kumkwangua ufizi kwa madai kwamba ana "meno ya plastiki" yanayomletea homa na kuharisha, kwani watoto wameumizwa vibaya kwa jambo hilo.

Kuhusu mavyaa wako, naamini alichofanya ni mapenzi, nawe umjibu kwa mapenzi. Mwambie faraghani, si mbele ya wageni: "Mama, asali tumngojee atimize mwaka, naomba unisaidie kukanda hizi za ndizi." Akikataa, aseme mumeo, kwa kuwa ni mama yake na mtoto ni wake pia, na neno hilo likitoka kwa mwanawe halitaonekana ukaidi wa mkamwana.