Picha ya bodi ya gemu ikisumbua, usikimbilie kung'oa chipu

Watu wengi hapa Kisumu wakiniletea bodi za zile mashine za gemu za koini husema imekufa, halafu unapata bodi haina neno, shida iko kwa pawa ama kwa waya. Inaniuma sana, juu ukitupa moja soko la Kibuye iuzwe kwa kilo kama chuma kuukuu, hiyo imeenda. Kwa hivyo kama umejiungia yako kwa TV ya nyumbani bila kabati yake, fuata hii njia.

Anza na volti 5, na usipimie kwa pawa saplai, pimia kwa bodi yenyewe gemu ikiwa imewaka, juu waya ikiwa nyembamba na ndefu volti zinapotelea njiani, kule nyuma unaona 5 sawa lakini kwa bodi imefika 4.7, hapo gemu inajizima na kujiwasha ama picha inajaa vipande vya rangi na mtu anaanza kushuku chipu. Mimi napenda 5.0 mpaka 5.1. Kwa konekta ya JAMMA, ile ya pini 56 inayounga bodi na waya zake zote, pini 1, 2, A na B ni graundi, 3, 4, C na D ni volti 5, ziunge zote.

Pawa ikiwa sawa, nenda kwa sinki, yaani ile waya inaambia skrini mstari uanzie wapi, pini P. Picha ikilala upande, ikikatika vipande ama ikipanda bila kusimama, achana na waya za rangi kabisa, hapo ni sinki. Hakikisha graundi ya video, pini 14, imefika mpaka kwa TV, hiyo watu huisahau sana. Sinki ya bodi pia huwa kali kuliko ile TV inatarajia, kwa hivyo resista ya omu 470 kwa hiyo waya mara nyingi inatuliza mambo, na kama bado, kuna kachipu kanaitwa LM1881 ka kusafisha sinki.

Skrini ya kompyuta ikikataa kabisa usiogope. Bodi nyingi za zamani zinatoa kilohezi 15 na kitu, yaani mistari ya picha elfu 15 na kitu kwa sekunde, monita ya kawaida inaanzia 31, lazima uweke kibadilishaji katikati, kama GBS-8200. Tena si kila gemu inatoa picha 60 kwa sekunde, Mortal Kombat ya kwanza iko karibu 54.7 na R-Type 55, skrini zingine bapa hazikubali hiyo hata ufanye nini. TV ya mgongo ndio huvumilia, na kwangu picha yake ndio tamu.

Lakini TV zetu nyingi za mgongo zina tundu ya njano peke yake, na bodi inatoa nyekundu, kijani na bluu mbali mbali, kwa hivyo unahitaji enkoda, kifaa cha kuchanganya hizo rangi ziingie waya moja, mimi natumia ya chipu ya AD725. Ukipata picha safi lakini nyeusi na nyeupe, angalia kristali, kale kadude ka enkoda kanakoweka mapigo ya rangi: PAL na NTSC ni mifumo miwili ya rangi za TV, kristali ya PAL ni megahezi 17.734, ya NTSC ni 14.318, na TV ya PAL pekee haitakupa rangi ya NTSC. Na zile tundu tatu za kijani, bluu na nyekundu nyuma ya TV zingine si za hii kazi, zinafanana rangi tu, ukichomeka hapo moja kwa moja utapata picha mbovu.

Rangi moja ikipotea, tuseme nyekundu, badilishana waya ya pini 12 na ya pini N hapo kwa konekta. Kama sasa skrini imekosa kijani, basi bodi ndio haitoi nyekundu, angalia pini na resista zake. Kama bado ni nyekundu imepotea, bodi iko sawa, tafuta kwa enkoda ama TV. Rangi zikiwa kali mpaka nyeupe inavuja pembeni, volti za rangi zimezidi, TV inataka kama 0.7 hivi, weka trimpoti, resista ndogo ya kuzungusha, kwa kila rangi na ushushe pole pole.

Sasa tafadhali, kama shida imebaki ndani ya TV, usiifungue kama hujafunzwa. Ile waya nene inayoingia kwa kioo hubeba zaidi ya volti 20,000, na kioo kinaweza kukaa na chaji hata baada ya kuchomoa plagi. Hapo itia fundi wa TV.