Kostiki soda: ipime, usiihesabie siku

Nilifundishwa kwenye semina kwamba kostiki lazima ilowekwe siku nne kabla ya kutengeneza sabuni ya mche. Ni kweli? (Morogoro)

Kostiki huyeyuka kwa dakika chache ukiikoroga. Kinachosubiriwa ni joto: maji hupanda hadi nyuzi 80 na zaidi bila moto wowote, na ukiyamimina kwenye mafuta yakiwa hivyo, utapata fujo. Ndoo ndogo iache saa kadhaa. Dumu kubwa liache hadi kesho yake. Ipo sababu nyingine ya kuilaza. Kostiki iliyopigwa na hewa hugeuka magadi kidogo kidogo, na magadi hayo hayayeyuki kwenye mchanganyiko mzito wa nusu kwa nusu. Yanatuama chini, wewe unachota maji masafi ya juu. Siku moja au mbili zinatosha. Nne hazidhuru, mradi mfuniko umekazwa baada ya kupoa. Ninachokilalamikia kwenye semina hizi ni kwamba watu wanatoka wamekariri siku, mizani hawana.

Hiyo nusu kwa nusu ni kikombe kwa kikombe? Sabuni yangu inachubua mikono. (Tanga)

Nadhani umejijibu mwenyewe. Kikombe cha kostiki ya vigamba na kikombe cha kostiki ya punje havina uzito mmoja, kwa hiyo leo sabuni inatoka nzuri, kesho inachubua. Nusu kwa nusu ni uzito: kilo moja ya kostiki, kilo moja ya maji. Maji yatangulie ndooni, kostiki ifuate kidogo kidogo huku unakoroga. Usigeuze utaratibu huo hata siku moja. Maji yakimwagiwa juu ya kostiki hulipuka mchemko na kukurukia usoni.

Sasa hesabu. Tuseme una mawese gramu 700 na mafuta ya nazi gramu 300. Kila gramu ya mawese hutaka kostiki kama gramu 0.142, ya nazi 0.183. Jumla ni gramu 154. Punguza asilimia 5 ili mafuta kidogo yabaki ya kulainisha ngozi: 147. Mchanganyiko wako ni nusu kostiki, basi pima gramu 294 za mchanganyiko, kisha ongeza maji matupu kama gramu 150. Mafuta yakibadilika, hesabu nayo ibadilike. Wenye haidromita, kile kifaa kinachoelea na kuonyesha uzito wa kimiminika ukilinganishwa na maji, wajue kwamba 1.33 kwenye nyuzi 20 ni kostiki asilimia 30, na mchanganyiko ukiwa bado wa moto kipimo husoma chini ya ukweli.

Naihifadhi kwenye chupa tupu za maji ya kunywa, zinafunga vizuri. Kuna ubaya? (Mombasa)

Zitoe leo. Angalia kitako cha chupa hiyo: ndani ya pembetatu pameandikwa 1. Plastiki hiyo huliwa na kostiki taratibu mpaka inavuja. Lakini hilo ndilo dogo. Kostiki iliyoyeyuka ni maji meupe yasiyo na harufu, na mtoto aliyetoka kucheza juani hasomi karatasi uliyobandika. Dumu la mafuta ya kula nalo usitumie, jirani anaweza kuliazima. Tafuta dumu zito lenye alama 2 au 5, liandike KOSTIKI – SUMU kwa rangi isiyofutika, ulifungie chini kwenye kabati yenye kufuli, si juu ya rafu linakoweza kuanguka. Alumini usiiguse kabisa: kostiki huitoboa na kutoa gesi inayoshika moto. Sufuria nyingi za nyumbani kwetu ni alumini, kwa hiyo nalirudia: si sufuria, si mwiko, si kijiko. Kioo pia huchakaa.

Mtu akiimeza, usimtapishe, maana itamuunguza mara ya pili ikipanda. Msuuze mdomo, mkimbize hospitali.

Ikinirukia nipake siki? (Nakuru)

Hapana. Vua nguo iliyolowa, tia sehemu hiyo chini ya maji ya bomba dakika 20 bila kuiondoa. Ikiwa ni jicho, suuza vivyo hivyo na uende hospitali hata kama maumivu yametulia. Ila miwani na glavu ni bei rahisi kuliko yote hayo.

Mwezi Julai kostiki yangu imeganda dumuni. Imeharibika? (Njombe)

Haijaharibika, ni baridi yenu. Ya nusu kwa nusu huanza kuganda kwenye nyuzi kama 12. Legeza mfuniko, weka dumu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, usiliweke motoni. Isubiri iyeyuke yote, uikoroge ndipo upime, kwa sababu iliyoganda na iliyobaki maji hazina nguvu sawa. Msimu wa baridi tengeneza ya asilimia 30, yaani gramu 300 za kostiki kwa gramu 700 za maji. Hiyo haigandi mpaka baridi ikaribie sifuri. Kumbuka tu kubadilisha hesabu yako.

Kostiki imepanda bei. Magadi yanaweza kushika nafasi yake? (Arusha)

Yenyewe tu, hapana. Hayana nguvu ya kugeuza mawese au nazi kuwa sabuni ya mche. Yakichemshwa na chokaa iliyozimwa hutoa kostiki kweli, na zamani viwanda vilifanya hivyo, lakini jikoni hutajua umepata nguvu kiasi gani. Nunua kostiki kidogo, uipime.