Uji wa moto kwenye ndoo ya plastiki: mtoto anapata kemikali kiasi gani?

Swali: Ninasimamia kituo cha kulelea watoto hapa Moshi. Uji wa lishe, wenye karanga na maziwa, unaiva saa kumi na moja alfajiri. Tunaumimina ungali wa moto kwenye ndoo ya plastiki ya lita 20 yenye mfuniko, na watoto wanaunywa saa nne kwa vikombe vya plastiki. Mzazi ameuliza watoto wanapata kemikali kiasi gani. Tulipeleka uji maabara, wakaandika "BPA haikuonekana", yaani kemikali ya kutengenezea baadhi ya plastiki. Nimjibu kwamba hakuna tatizo?

Jibu: Usimjibu hivyo bado, mwalimu. "Haikuonekana" maana yake ni kwamba kama ipo, iko chini ya kiwango ambacho mashine yao inaweza kukiona. Waulize kiwango hicho ni kipi. Tuseme ni mikrogramu 10 kwa kilo ya uji. Mtoto wa miaka miwili mwenye kilo 12 akinywa gramu 300, huenda amepata hadi mikrogramu 3, yaani 0.25 kwa kila kilo ya mwili. Mwaka 2015 EFSA, mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, iliweka kikomo cha muda cha mikrogramu 4 kwa kilo ya mwili kwa siku, kwa hiyo ungekuwa salama. Mwaka 2023 ikakishusha hadi nanogramu 0.2, mara 20,000 chini. Taasisi ya BfR ya Ujerumani haikukubaliana nayo, ikapendekeza nanogramu 200. Hiyo 0.25 yako ni nanogramu 250: inavuka vikomo vyote viwili vya 2023. Kipimo hicho hakijakwambia kitu.

Tena huenda mlipima kemikali isiyohusika. Geuza ndoo uangalie pembetatu chini yake. Namba 2 na 5 ni plastiki ambazo BPA siyo malighafi yake. BPA hutengenezea polikaboneti, ile ngumu inayong'aa kama kioo, ambayo mara nyingi huwekwa kwenye namba 7. Vikombe ndivyo vya kukagua kwanza. Na kama ndoo ilikuja na rangi ya kupaka au dawa ndani yake, usihangaike na hesabu, itoe jikoni leo.

Hesabu yenyewe ni fupi: kiasi cha kemikali kwa kilo ya chakula, zidisha kwa kilo alizokula mtoto, gawanya kwa uzito wake. Ugumu uko kwenye kupata namba za kuingiza. Uzito chukua wa sasa kwenye kadi ya kliniki. Uji pima kwa mizani ya jikoni: kikombe kikijaa, kisha kikirudi na makombo, siku tatu mfululizo. Usiishie kwenye wastani. Kama watoto ni 60, gawanya gramu za kila mmoja kwa uzito wake, wapange kutoka wa chini, umchukue wa 57, ili watoto 95 kati ya kila 100 wawe sawa naye au chini yake. Kanuni za Ulaya za vifungashio zinachukulia mtu wa kilo 60 anayekula kilo moja ya chakula kwa siku, yaani gramu 17 hivi kwa kilo ya mwili. Mtoto wetu amefikisha gramu 25 kwa uji wa asubuhi tu.

Sampuli chukua mbili: moja kwenye sufuria kabla ya kumimina, nyingine kwenye ndoo saa nne. Tofauti yake ndiyo mchango wa ndoo. Bila ile ya sufuria utailaumu ndoo kwa thaleti, zile kemikali za kulainishia plastiki, ambazo pengine ziliingia na unga au maziwa. Tumia chupa za kioo, funika mdomo kwa foili kabla ya kifuniko, na usivae glovu za plastiki. Peleka pia chupa yenye maji safi ya maabara iliyofunguliwa jikoni kwenu. Thaleti zikionekana humo, zimetoka kwenye uchukuaji wa sampuli.

Maabara ikitaka kupima ndoo badala ya uji, isiijaze maji matupu. Karanga na maziwa vina mafuta, na thaleti huyafuata mafuta. Badala ya maziwa yenyewe, kanuni za Ulaya hutumia ethanoli (pombe) ya asilimia 50. Uji wenu unakaa saa tano, kwa hiyo kipimo kiwe cha saa sita, kianzie joto la kumimina. Na wapewe ndoo mnayoitumia, yenye mikwaruzo yake, siyo mpya ya dukani.

Vikombe visisahaulike. Ndoo ikijaa, kila lita inagusa desimita 1.7 za mraba za plastiki. Kwenye kikombe cha mililita 250 ni zaidi ya 7 kwa kila lita. Kinachopunguza ni kwamba uji hukaa humo dakika chache na umeshapoa.

Wakati majibu yakisubiriwa, uacheni uji kwenye sufuria ya stenlesi yenye mfuniko. Mzazi mpe namba mbili kwa kila kemikali: ya chini, ukihesabu "haikuonekana" kama sifuri, na ya juu, ukiihesabu kama kiwango chote cha mashine.