Kabla ya Kuuliza Nani Anashinda

Kwa miaka mingi nimekuwa nikisoma makala za waandishi wa habari za kijeshi na kuwasimulia wenzangu barazani hapa Wete, na wao huniuliza daima swali moja: nani anashinda? Ushauri wangu ni kuliweka swali hilo kando na kuuliza kwanza nani aliyelala mjini baada ya mapigano.

Katika vita vya waasi, kuingia mji ni jambo jepesi kuliko kuushika. Mocímboa da Praia ni mji wa bandari katika jimbo la Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, na huko ndiko uasi ulikoanzia Oktoba 2017. Machi 2020 wapiganaji waliuvamia, wakapandisha bendera yao, kisha wakaondoka. Agosti ya mwaka huo huo waliuvamia tena, na safari hii walikaa takriban mwaka mzima, mpaka walipotolewa na majeshi ya Rwanda na Msumbiji. Aliyesoma vichwa vya habari peke yake aliona tukio lile lile likirudiwa, ilhali la kwanza lilikuwa kuonyesha nguvu na la pili lilikuwa kutawala. Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, nayo ilitekwa na waasi wa M23 Novemba 2012, nao hawakufikisha wiki mbili humo; walipoiteka tena Januari 2025 walimweka gavana wao. Kwa hiyo mimi humthamini mwandishi anayenieleza nani anatoza ushuru, soko linafunguliwa kwa idhini ya nani, na barabara ipi haipitiki baada ya magharibi. Aina za bunduki, ambazo baadhi ya waandishi huzipenda mno, mimi huzipitia haraka.

Jambo jingine ni kutazama mwandishi alisimama wapi. Aliyesafiri na jeshi huona yale ambayo jeshi limemruhusu kuyaona, na anayetegemea taarifa za waasi husoma matangazo yao. Palma, mji mwingine wa Cabo Delgado, iliposhambuliwa Machi 2021, habari nyingi za nje zilijikita katika hoteli ya Amarula, walikokwama wageni na wafanyakazi wa makampuni, huku maelfu ya wenyeji wakikimbia kwa miguu na kwa vyombo vya baharini bila ya kutajwa sana. Sisemi kwamba waandishi walidanganya, ila kila mmoja huandika zaidi habari za wale anaoweza kuwafikia. Msomaji basi asome angalau taarifa mbili zilizotoka pande tofauti, na moja yao iwe ya mtu aliyezungumza na waliokimbia.

Sisi wa kisiwa hiki cha Pemba tuna tatizo letu la pekee, kwa kuwa makao makuu ya Cabo Delgado nayo yanaitwa Pemba, na ndiko walikokimbilia wengi waliotoka Palma. Kila yakitokea mashambulizi huko, jamaa walioko Dar es Salaam na Maskati hutupigia simu kwa hofu. Isitoshe, wenyeji wa kule huwaita waasi wao Al-Shabaab, ingawa hilo si kundi la Somalia. Ujumbe unaotaja Pemba au Al-Shabaab ukiletwa kwenye simu yako, tafuta kwanza jina la nchi na la jimbo, visipotajwa, usiusambaze.